Mji wa Kadiri na Timu ya Kulipwa

Kila msimu wa Ligi Kuu unapokaribia kwisha, na timu moja au mbili za mikoani zikawa zimeshuka daraja, huzuka mjadala ule ule redioni na barazani: kwamba miji yetu ya kadiri haina uwezo wa kuilea timu ya kandanda ya kulipwa. Wanaosema hivyo huja na hesabu. Huhesabu watu wa mji na nafasi za uwanjani, wakazidisha kwa kiingilio, kisha wakatoa mishahara, nauli, malazi na matibabu; kinachobaki, wasema, ni deni. Kutokana na hesabu hiyo huamuliwa kwamba timu ya maana haina budi ikae Dar es Salaam, ama iwe ya tajiri, ama iwe ya kiwanda au ya jeshi. Sisi hatuna ugomvi na hesabu. Ugomvi wetu ni kwamba hesabu hiyo hujibu swali ambalo halikupasa kutangulia. Kabla ya kuuliza timu inagharimu kiasi gani, yafaa iulizwe ni mali ya nani. Na jambo hilo, kama tutakavyojaribu kuonyesha, si la fedha tu, bali ni la utamaduni.

Tutautazama mkoa wa Mbeya, kwa kuwa mkoa huo umezijaribu karibu namna zote za kumiliki timu. Jiji la Mbeya lenyewe, kwa sensa ya mwaka 2022, lina watu zaidi ya laki tano. Si mji mdogo; wala si Dar es Salaam. Linapitiwa na barabara kuu iendayo Zambia na reli ya TAZARA, lina soko kubwa la Mwanjelwa, na limezungukwa na wilaya zinazolima ndizi, mpunga, viazi, chai na kahawa. Mtu akituambia kwamba mji kama huo hauna fedha ya kuwalisha vijana thelathini wacheze mpira, basi kwanza atueleze fedha ya mazao hayo huenda wapi.

Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa wilaya ya Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Mseto ilikuwa imekwisha kuupeleka ubingwa huo Morogoro mwaka 1975, na mwaka 1988 Coastal Union ikaupeleka Tanga. Basi haikuwa ndoto. Lakini zama zile mchezaji hakuishi kwa mpira peke yake: alikuwa karani, fundi, mwalimu au mkulima, au aliajiriwa na shirika la umma akapewa ruhusa ya kwenda mazoezini. Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, Bandari ya Mtwara, RTC Kagera: majina yenyewe yatosha kutuambia nani alikuwa akilipa. Mashirika yalipouzwa au kuvunjwa katika miaka ya 1990, timu nyingi za namna hiyo zilinyauka, kwa kuwa hazikuwa zimeotesha mizizi mahali pengine. Tukuyu nayo haikukaa kileleni. Baadhi ya wachezaji wake walivutwa na klabu za Dar es Salaam, na leo timu hiyo haimo katika Ligi Kuu. Wazee wa Rungwe wangali wakiuhadithia mwaka ule kama watu wahadithiavyo mavuno ya ajabu yaliyokuja mara moja.

Timu za viwanda na za majeshi tutazipita haraka. Mtibwa Sugar ilikuwa bingwa mwaka 1999 na tena mwaka 2000, ikitokea kwenye mashamba ya miwa ya Turiani. Ilishuka daraja mwaka 2024 na kurudi mwaka 2025. Prisons ya Mbeya, iliyo chini ya Jeshi la Magereza, imedumu Ligi Kuu kwa misimu mingi kuliko jirani zake wote. Uimara huo ni wa kuheshimiwa. Hata hivyo timu ya kiwanda huishi kwa afya ya kiwanda, na timu ya jeshi hupendwa kwa kadiri fulani tu. Raia huishangilia kama mtu ashangiliavyo gwaride.

Jaribio lililotupa matumaini makubwa zaidi lilikuwa Mbeya City. Iliundwa mwaka 2011 chini ya Halmashauri ya Jiji, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2013, na katika msimu wake wa kwanza, ule wa 2013/14, ikamaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga na mbele ya Simba. Waliouona msimu ule hawawezi kuusahau. Uwanja wa Sokoine ulijaa. Mashabiki walisafiri kwa mabasi kuifuata timu ugenini, jambo ambalo kabla ya hapo lilidhaniwa kuwa ni la Simba na Yanga tu. Na ile kauli ya “Koma kumwanya”, iliyotoka katika lugha ya nyumbani, ikatamkwa na watangazaji wa taifa zima. Kwa msimu mmoja mji wa kadiri ulisikika kwa sauti yake wenyewe.

Kisha moto ukapungua. Timu ilishuka daraja mwaka 2023, na ingawa ilirejea mwaka 2025, haikurejea na ule umati wa mabasi. Kwa nini? Jibu la kawaida ni kwamba fedha zilipungua. Sisi twaona kwamba jibu hilo ni nusu. Halmashauri hukusanya ushuru wa soko na wa mazao, na kila shilingi inayokwenda kwenye mpira hudaiwa na darasa lisilo na madawati na zahanati isiyo na dawa. Diwani akisimama kuitetea timu, huulizwa maswali ambayo ni ya haki, na akinyamaza hafanyi kosa. Halmashauri ni mwakilishi wa watu, lakini mwakilishi si mwenyewe. Shabiki wa Mbeya City aliipenda timu kwa moyo wote, akalipa kiingilio, akanunua jezi ya zambarau. Hakuwa na kura katika mambo yake. Mapenzi ya namna hiyo ni ya mpangaji: huifagia nyumba vizuri, lakini paa likivuja humwita mwenye nyumba.

Hapa twafika penye jambo ambalo wengi hawapendi kulisema. Simba au Yanga ikija Mbeya, sehemu kubwa ya uwanja huvaa rangi za mgeni. Mwenyeji akifungwa, watu waliozaliwa na kukulia mtaa wa pili kutoka uwanjani hushangilia hadi usiku. Hatuwalaumu. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na hadithi ya klabu hizo mbili imesukwa pamoja na hadithi ya taifa. Watoto wengi huzirithi kwa baba kama warithivyo jina la ukoo. Lakini tutazame matokeo yake. Kijana wa Uyole aweza kukutajia Msimbazi na Jangwani, mitaa ambayo hajaikanyaga, na asiweze kukutajia wachezaji watatu waliowahi kuutukuza mji wake. Somo la utamaduni shuleni humfundisha ngoma za kwao na mashujaa wa kwao. Jumamosi jioni redio humfundisha kwamba mambo makubwa hutendeka kwingine. Kati ya walimu hao wawili, tunajua ni yupi anayesikilizwa kwa makini zaidi.

Ndiyo maana kisa cha Ihefu kilituuma. Ihefu ni jina la ardhi oevu iliyo katika bonde la Usangu, ambako maji hukusanyika kabla ya kuendelea na safari yake katika Mto Ruaha Mkuu. Timu iliyolichukua jina hilo ilikuwa ya wilaya ya Mbarali, nchi ya mpunga, na uwanja wake wa Highland Estates uko Ubaruku, mahali ambapo wengi wa wasikilizaji wa redio hawakuwa wamepasikia. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ilifika hapo ikiwa imecheza michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Ihefu ikaifunga mabao 2 kwa 1. Oktoba 2023 Yanga ikarudi uwanja ule ule, ikafungwa tena, tena kwa mabao 2 kwa 1. Mwalimu wa jiografia aliyekuwa akihangaika kuwaeleza wanafunzi wa pwani Ihefu ni nini, alisaidiwa siku ile na mtangazaji wa mpira. Jina la bwawa la Usangu liliingia katika vinywa vya watu milioni nyingi, na si kwa habari ya ukame wala ya ugomvi wa wakulima na wafugaji, bali kwa habari ya ushindi.

Mwaka 2024 timu hiyo ilihamishiwa Singida, na kabla msimu mpya haujaanza ikapewa jina la Singida Black Stars. Kwa upande wa karatasi hakuna kilichopotea: nafasi katika ligi ilibaki, wachezaji wakalipwa, kalenda ikaendelea. Wala hatusemi kwamba waliofanya hivyo walivunja sheria, chao walikihamisha. Lakini hapo ndipo hesabu ya viingilio inaposhindwa kutueleza kilichotendeka. Ubaruku haikuikosa timu kwa kuwa ilishindwa kuishangilia au kwa kuwa timu haikushinda. Iliikosa kwa sababu haikuwa yake.

Swali hili la mji na timu lina umri mrefu zaidi huko Marekani, na kwa kuwa wataalamu wetu hupenda kuchota mifano kutoka huko, yafaa tuichote yote, si ile inayowapendeza tu. Mchezo unaohusika ni besiboli, ule wa kuupiga mpira mdogo kwa gongo, ambao Wamarekani huuita mchezo wao wa taifa. Mji wa Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, ulikuwa na watu kama 637,000 kwa sensa ya mwaka 1950, yaani hauipiti sana Mbeya ya leo. Serikali ya wilaya ilijenga uwanja kwa fedha za umma, na mwaka 1953 timu ya Braves ikahamia hapo kutoka Boston. Mwaka huo huo waliingia uwanjani watu zaidi ya milioni moja na laki nane kwa msimu mzima. Na kuanzia mwaka 1954 hadi 1957 idadi ilipita milioni mbili kila mwaka. Mwaka 1957 timu ikawa bingwa. Mwenye hesabu ataka nini zaidi?

Mwaka 1962 timu iliuzwa kwa kundi la wafanyabiashara wa Chicago. Ni kweli kwamba kufikia hapo watazamaji walikuwa wameanza kupungua. Lakini macho ya wenye mali mpya yalikuwa Atlanta, kusini mwa nchi, ambako eneo la watazamaji wa televisheni lilikuwa pana zaidi. Mwaka 1966 Braves ikawa timu ya Atlanta. Jimbo la Wisconsin lilikwenda mahakamani kuizuia, na Mahakama Kuu ya jimbo ikaamua kwamba halina uwezo huo. Basi mji ulikuwa na watu, ulikuwa na uwanja, ulikuwa na kombe, na bado ukabaki na viti vitupu.

Sasa tusafiri kaskazini kidogo katika jimbo hilo hilo, hadi Green Bay, mji wa watu kama laki moja na elfu saba. Mchezo wa huko ni mwingine, ule mpira wa Kimarekani unaobebwa mikononi, nayo timu yao, Packers, ilianzishwa mwaka 1919. Mwaka 1923, ilipozidiwa na madeni, wenyeji waliuziwa hisa. Hisa hizo hazina gawio, na haziuzwi kwa faida. Mwenye nazo hupata kipande cha karatasi na kura katika mkutano wa mwaka. Leo wenye hisa wamezidi laki tano, wengi wao wakiwa hawaishi hata mjini hapo, na timu imekuwa bingwa wa ligi mara 13. Hakuna tajiri aliyeweza kuihamisha kwa kuwa hakuna wa kumuuzia.

Tungekuwa wadanganyifu tukiishia hapo. Umoja wa wananchi peke yake haungeiokoa Green Bay. Jambo la pili lililouokoa mji huo ni kwamba fedha za televisheni za ligi yao hugawanywa sawasawa kwa timu zote, kubwa na ndogo. Nasi Tanzania tumekwisha kuwa na fedha za namna hiyo: mwaka 2021 ulitiwa saini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Kwa hiyo hesabu ya barazani imepitwa na wakati, kwa kuwa imeegemea kiingilio cha mlangoni tu, hali mtazamaji wa Bukoba aliyekaa mbele ya televisheni naye hulipa. Swali limegeuka: si mji una watu wangapi, bali fungu la pamoja hugawanywa kwa kanuni gani. Hili ni swali la siasa ya michezo, na linawahusu wote, hata wale wasiojua kupiga danadana.

Najua tutaulizwa: je, klabu za wanachama hatukuziona? Tumeziona. Tumeona mikutano iliyovunjika kwa viti, viongozi wawili wakidai ofisi moja, kesi zisizokwisha, na vitabu vya hesabu vilivyopotea kila uchaguzi ulipokaribia. Kuna wakati neno “mwanachama” lilikuwa na maana ya mtu anayekuja siku ya ugomvi. Hoja hiyo ni nzito, na walioichoka hali hiyo hadi kumkimbilia mwekezaji hatuwezi kuwacheka. Lakini tuangalie Simba yenyewe ilifanya nini mwaka 2017 ilipokubali kumkaribisha tajiri: ilikubali kwa sharti kwamba asilimia 51 zibaki kwa wanachama. Klabu kubwa kuliko karibu zote nchini haikukubali kutoa neno la mwisho. Iweje basi mji wa kadiri, ulio dhaifu zaidi, ndio ushauriwe kulitoa bila masharti?

Tufanye hesabu yetu nasi, ya kubahatisha, kwa ajili ya kufikiri tu. Tuseme watu 20,000 wa Mbeya na wilaya zake, yaani sehemu ndogo sana ya wakazi, wanatoa kila mmoja shilingi 10,000 kwa mwaka, wakati wa mavuno kwa mkulima na mwisho wa mwezi kwa mwajiriwa. Zitapatikana shilingi milioni 200. Mtu wa hesabu atacheka, atasema hizo hazitoshi kuwalipa wachezaji na kuwasafirisha, na kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilomita 800. Ni kweli, hazitoshi. Mdhamini atahitajika bado, na fungu la televisheni, na pengine mkono wa Halmashauri. Tofauti ni kwamba mdhamini atakuja kama mgeni aliyebisha hodi. Atakapochoka ataondoka na nembo yake kifuani, na timu itabaki na jina lake, na uwanja wake, na watu 20,000 ambao tayari wanajua mkutano unafanyika siku gani.

Wala faida haitakuwa ya klabu tu. Chama cha namna hiyo kina daftari la mapato na matumizi. Mwalimu wa hesabu aweza kulipeleka darasani. Kina katiba, na uchaguzi. Mwalimu wa uraia aweza kuwapeleka wanafunzi wakautazame. Kina nyimbo zitakazotungwa na majina ya utani yatakayozuliwa, na hapo mwalimu wa Kiswahili hatakosa kazi. Twaona ajabu kwamba katika vitabu vyetu vya utamaduni kandanda hutajwa kwa sentensi mbili, baada ya bao na mieleka, kana kwamba ni burudani ya wageni, ilhali hakuna ngoma inayowakusanya watu wa Mbeya kwa wingi kama mchezo mmoja wa Sokoine.

Turudi Milwaukee kidogo, maana kisa chake hakikwisha mwaka 1966. Mji ule uliokuwa umelia machozi uliipata timu nyingine ya besiboli mwaka 1970. Ilitoka Seattle, ambako ilikuwa imecheza msimu mmoja tu, ikafilisika, ikanunuliwa na kusafirishwa. Na watu wa Seattle nao wakaenda mahakamani. Aliyenyang'anywa jana akawa mpokeaji leo, wala hatukumbuki kusikia kwamba wa Milwaukee waliirudisha zawadi hiyo.

Singida nayo haina tofauti. Mwaka 2022 ilikuwa na Singida Big Stars. Mwaka uliofuata timu hiyo ikaitwa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 ikaondoka, ikaweka makao Babati, mkoani Manyara, na neno Singida likadondoka njiani. Mwaka huo huo ndipo ilipokuja ile ya Mbarali. Shabiki wa Uwanja wa Liti aliyeishangilia ya kwanza, kisha akaishangilia ya pili, hakuhama mji wala hakubadili mahali pake pa kukaa. Ilimbidi tu anunue jezi nyingine.